Kabla hamjagawa nguo za mama, kaeni kwanza mzisimulie

#1 BintiMisungwi (mleta mada)

Wanajukwaa habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Nina hoja moja na nitaisema moja kwa moja. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, mama akifariki, matanga yakishaanuliwa au arobaini ikishapita, ndugu wa kike hukaa chini, sanduku likafunguliwa, nguo zikagawiwa. Shangazi anapewa doti, binti anapewa kitenge, jirani aliyemuuguza anapewa gauni na shuka. Desturi hii ni nzuri na siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni haraka. Mmoja ana basi la kuwahi Nyegezi, mwingine ana feri ya Kamanga, na ndani ya asubuhi moja nguo zote zimeshaingia kwenye mifuko bila mtu kuuliza hii aliipata wapi, hii aliivaa lini, na ile iliyokunjwa chini kabisa kwa nini ina miaka yote hiyo na bado haijaguswa na maji.

Naomba tusigawe kabla ya kusimulia.

Fikirieni mama zetu waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 wameacha nini. Shajara hawakuandika. Barua zao nyingi waliandikiwa na watoto wa shule. Picha ni mbili tatu za studio, tena wamesimama wima vile mpiga picha alivyowaamuru. Shamba lilijulikana kwa jina la mume, ng'ombe waliingia na kutoka zizini kwa kauli ya wanaume, hata majina ya watoto mara nyingi yalitoka ukweni. Lakini kanga mwanamke aliishika mwenyewe dukani, akaifungua, akasoma jina lake, akasema hii hapana, nipe ile. Ukitaka kumsikia akiwa amejiamulia, anza hapo.

Nawapa mfano wa sanduku ninalolijua, la mama yangu mzazi, Misungwi.

Sisi tumekulia kwenye pamba. Kwa wasioyajua maisha hayo: pamba inapandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, inachumwa kuanzia katikati ya mwaka unaofuata, inapelekwa ushirika, inapimwa, halafu familia inasubiri malipo. Fedha ikitoka ndipo mwanamke anapata nguo mpya, na ikichelewa naye anangoja. Kwa hiyo kanga za mama zilijipanga kwa misimu. Alikuwa anazitandika kitandani anakwambia hii ni ya msimu ambao malipo yalikuja Krismasi, hii ni ya mwaka aliozaliwa kaka yenu, hii baba yenu alininunulia bila kuniuliza ndiyo maana siipendi. Na kulikuwa na jambo lililompa fahari kubwa. Mbegu zilitoka Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho wilayani kwetu hapo hapo. Pamba tuliichuma sisi, vidole vikachubuka. Kisha kiwanda cha nguo cha Mwatex pale Mwanza mjini kilipokuwa kinafanya kazi, pamba ya Usukuma ilirudi vijijini ikiwa nguo. Mama alikuwa anashika kitenge anasema, "Huenda hii ni ya shambani kwetu." Alisema kwa dhati kabisa, na mimi mpaka leo nikishika kitambaa cha pamba nalifikiria shamba lile.

Sasa ndani ya sanduku hilo mlikuwa na doti moja ambayo hakuwahi kuizungumzia.

Wakubwa mnaukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Sabuni hakuna, sukari hakuna, nguo hakuna. Doti chache zikifika duka la kijiji zinapigiwa kura na kijiji kizima. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na hofu ikaingia mpaka kwa watu wadogo kabisa. Kumbe mama alikuwa na doti iliyovushwa ziwani kwa mtumbwi kutoka upande wa Kenya, ya magendo. Jina lake "Japo sipati tamaa sikati". Akaificha ndani ya kihenge, chini ya mtama. Ikakaa humo mpaka mambo yalipolegea, Mzee Mwinyi alipoingia na nguo zikajaa masokoni, lakini hata hapo hakuivaa. Aliitoa siku moja tu, dada yetu alipoondoka kwenda sekondari, akaifunga, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaikunja.

Haya yote sikuyajua. Siku ya kugawa, shangazi mmoja alikuwa ameshainua doti ile ampe mgeni aliyesimama mlangoni, maana kwa macho ni kanga ya zamani iliyopauka kwenye mikunjo. Mama mdogo ndiye aliyeushika mkono wake. Akasema, "Subiri. Hii ina maneno." Akasimulia, na chumba kizima kikanyamaza. Watoto wote wa mama tulikuwepo, na hakuna aliyekuwa anajua. Mama alikaa na woga wa mwaka 1983 mpaka anaingia kaburini, na kama mama mdogo angechelewa basi siku ile, tungempa mtu kanga iliyochakaa na kuona tumefanya ukarimu.

Kwa hiyo pendekezo langu: kabla ya kugawa, pangeni jioni moja. Kila nguo ifunguliwe, anayeijua aseme, kijana mmoja arekodi kwa simu. Kesho yake gaweni. Na aliye na mama hai asingoje jioni hiyo.

Naomba kuwasilisha.


#2 KijanaMabatini

Nimesoma mpaka mwisho dada. Sisi tuligawa mwaka juzi. Kuna kitenge cha zambarau cha mama ambacho nikifumba macho nakiona, na leo sijui kiko kwa nani wala alikipataje.


#3 UstadhIgogo

Assalam alaikum. Mleta mada umesema vizuri, niongeze kwa upande wetu Waislamu.

Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba na shamba, kwa hiyo hazigawiwi ovyo na yeyote aliyewahi kufika, hata akiwa shangazi. Warithi wakikubaliana kuzitoa sadaka ni jambo jema sana, maana kuna mtu hai anahitaji kusitiriwa. Nimeona familia zikizuia masanduku miaka mingi, nguo zinaoza, na mtaa huo huo kuna mjane hana cha kujitanda. Hilo si sawa.

Lakini kusimulia hakuzuii sadaka. Mkae, msimulie, mumwombee dua, kisha mtoe. Naona hata anayepokea angefurahi kujua anavaa nguo ya nani.


#4 MamaDagaa_Kirumba

Mwanangu Misungwi umenigusa. Mimi ni mama wa mwaloni, dagaa nimeuza tangu soko likiwa bado la mbao.

Nina kanga ya kazi. Watoto wangu hawaipendi, wanasema ina harufu. Ni kweli ina harufu, dagaa akishaingia kwenye pamba hatoki hata uloweke siku tatu. Kanga hiyo nimefungia kiunoni usiku wa baridi boti zinapoingia, nimeizungushia kata ya kubebea ndoo, nimewafunikia watoto kwenye viroba wakilala huku mimi napanga bei. Pesa nafunga pindoni, nakaza fundo, naliingiza kiunoni. Mwizi wa mwaloni anajua mkoba, fundo la mwanamke haligusi. Ada za wanangu zote zimetoka kwenye fundo lile. Ukiikagua utaona pembe moja imelika kuliko zote, ndiyo hiyo.

Sasa kule juu kabatini nina kitenge cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, kimepigwa pasi, nina vitenge vya sare za harusi za watu. Najua nikifa watakimbilia hivyo. Hii ya harufu wataifanya dekio.

Umenipa akili. Jumapili wakija kula nawaita wote niwaonyeshe ile pembe.


#5 MwanaKemondo

Sijawahi kuandika hili mahali popote. Nimeusoma uzi huu tangu jana, nimeona niseme.

Kwetu ni Kemondo, ng'ambo ile ya Bukoba. Wote mnajua doti ni vipande viwili. Mama yangu alikuwa na mazoea ya kuikata siku hiyo hiyo anaponunua, akapinda kwa mkono, kimoja kiunoni kimoja mabegani. Kuna doti moja alikuwa anaipenda kuliko zote, nyekundu na nyeupe, jina lake "Wema hauozi". Mei 1996 alisafiri kuja Mwanza kumwona dada yake aliyekuwa amejifungua. Alikuwa amefua jioni ile, kipande kimoja kikakauka, kingine kikabaki kibichi kwenye kamba. Akaondoka na kile kikavu. Alipandia MV Bukoba pale pale Kemondo usiku.

Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Walikufa watu zaidi ya 800.

Baba alikuja Mwanza kwa njia ya barabara. Hatukuwa na picha nzuri ya mama, kipindi hicho simu za picha hakuna. Alichobeba baba ni kile kipande cha kwenye kamba. Alizunguka nacho, anawaonyesha watu waliokuwa wanatambua miili, anawaambia amevaa kama hii. Siku zikapita. Watu wengi hawakutambuliwa na wengine hawakutolewa majini kabisa. Makaburi ya pamoja yapo Igoma, na sisi huwa tunakwenda pale kila mwaka tukiamini yumo, ingawa hakuna aliyetuthibitishia.

Wazee walimshauri baba akichome kile kipande, wakasema ni mkosi kuweka nusu ya nguo ya mtu aliyepotea majini. Alikataa. Alikuwa anakifua mwenyewe, mwanaume wa Kihaya wa rika lake, anakianika ndani ya nyumba ili watu wasimwulize. Baba naye amefariki sasa. Tumebaki watoto wanne na kipande kimoja cha kanga.

Dada zangu wanapendekeza tukikate vipande vinne, kila mmoja awe na chake. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja ya kuwaambia, maana wana haki sawa na mimi. Mleta mada na wengine, mnanishauri nini?


#6 KijanaMabatini

Pole sana ndugu yangu. Pole sana.


#7 UstadhIgogo

Pole mno. Mungu awape subira na awarehemu wazee wako.

Ushauri wangu ni mdogo. Kitu kimoja cha watu wanne kinaweza kukaa kwa mmoja kwa niaba ya wote, kwa makubaliano, na kikawa kinahama. Mwaka huu kwa mkubwa, mwakani kwa anayefuata, mnakabidhiana siku hiyo hiyo mnayokwenda Igoma. Mkikikata hakuna kurudi nyuma, lakini mkikizungusha mnaweza kubadilisha mawazo wakati wowote.


#8 FundiWaBaraza

Mimi ni fundi cherehani, nakaa karibu na Makoroboi, kazi hii nimeirithi kwa baba. Nataka nimjibu MwanaKemondo halafu niseme yangu.

Ndugu, usikate. Nakuambia kama fundi. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Ukiigawa mara nne, mmoja atapata jina nusu, mwingine pindo tupu, na kila mkato mpya ni mahali pa kuanza kufumuka. Kitambaa cha zaidi ya miaka 25 kilichofuliwa mara nyingi hakihimili kupindwa upya, sindano yenyewe inakitoboa. Kama lazima kila mtu awe na kitu, kapigeni picha safi ya kanga nzima, jina lisomeke, kila mmoja aweke ya kwake. Kipande chenyewe kikunjeni kwa kubadilisha mikunjo, maana nguo huanza kukatika penye mkunjo uleule. Kisikae juani, kisifungwe kwenye nailoni kikiwa na unyevu. Kitambaa cheupe cha pamba kukizungushia kinatosha.

Sasa yangu. Watu wanadhani hadithi ya nguo iko kwenye rangi. Sisi mafundi tunaisoma ndani, kwenye mshono. Mteja akifa, watoto wanatuletea magauni yake tuwapunguzie. Nikigeuza nje ndani naona kila kitu. Gauni lina akiba ya kitambaa pembeni, iliachiwa makusudi kwa sababu mama alikuwa na mimba au alitarajia. Naona mahali palipotolewa, mashimo ya sindano ya mshono wa kwanza bado yapo. Naona lilipobanwa tena, mara mbili, mara tatu, na hapo najua mama alianza kuugua, alikuwa anapungua na hataki watu wajue, anakuja kwangu jioni ananiambia fundi hili gauni limelegea kidogo. Nimewahi kumwambia binti mmoja mambo hayo akiwa amesimama mbele yangu na gauni la mama yake. Alikuwa anadhani mama aliugua ghafla. Nilimwonyesha mishono, akahesabu mwenyewe, akaona mama alificha karibu mwaka mzima. Alilia lakini alinishukuru, na lile gauni akasema nisilipunguze.

Kwa hiyo kwenye hiyo jioni ya kusimulia, dada Misungwi, waambie wageuze nguo nje ndani. Na kama fundi wake yupo hai, mwiteni.


#9 Binti_Nyegezi

Nimesoma yote kwa heshima na nina la kusema tofauti kidogo.

Nasoma chuo hapa Nyegezi, na hili la mwanamke kuchagua kanga yake mwenyewe mimi nalitilia shaka. Mama yangu hajawahi kuchagua. Vitenge vyake vingi ni sare. Sare ya send-off ya mtoto wa bosi, sare ya msiba wa ukweni, sare ya Machi 8 kazini, sare ya kikundi cha kuweka na kukopa. Kila moja ina mchango wake na fundi wake, na kuna miezi alikopa ili asionekane peke yake amevaa tofauti. Kabati limejaa lakini ukiuliza ipi ni yake hasa, hajui.

Na historia yetu haikuwa ya kuchagua tu. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, sketi fupi na mawigi vikapigwa marufuku Dar es Salaam kuanzia Januari 1969, na kabla hata tarehe haijafika kuna wasichana walishambuliwa mitaani kwa sababu ya mavazi. Mwili wa mwanamke ulikuwa uwanja wa watu wengine kuamulia taifa linafananaje. Hata leo mimi nikipita mitaa fulani ya mjini na suruali nasikia maneno.

Nguo ninayoipenda ni koti la jinzi la mtumba. Nililichagua Mlango Mmoja alfajiri bero likifunguliwa, nikaligombania na mtu. Limevaliwa na mwanamke nisiyemjua katika nchi nisiyoijua, ndani ya mfuko lilikuwa na tiketi ya basi yenye maandishi nisiyoweza kusoma. Nimelivaa kwenye usaili wangu wa kwanza. Mkija kusimulia nguo zangu naomba koti hilo msilipite mkatafuta kanga.


#10 BintiMisungwi (mleta mada)

Binti Nyegezi, asante, na hilo koti limeingia kwenye hoja yangu lote. Sijasema kanga peke yake. Tiketi usiitupe.

Kuhusu sare, nina jibu. Umesema mama alikopa ili asionekane tofauti. Hiyo ndiyo simulizi ninayoitaka. Kitenge kile kikigawiwa kimya kimya, atakayekipokea atasema mama alipenda sana sherehe. Kikisimuliwa, wajukuu watajua kwamba alikuwa anabeba deni la miezi mitatu ili asisemwe, na labda wao wataamua kuzipunguza sare hizo. Mama yupo hai. Mwulize katika sare zote hizo ni ipi aliilipa kwa furaha. Nahisi ipo moja, na nahisi hukuwahi kumwuliza kwa namna hiyo.

Fundi, sikuwahi kufikiria mishono. Wabeja sana.


#11 Mjukuu_wa_Kisesa

Uzi huu umeshiba lakini kuna upande haujaguswa: nguo ambazo sandukuni hazimo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mama wa mapacha. Kwa Wasukuma wa zamani mapacha lilikuwa jambo zito, lenye mila zake, na mama yao alitofautishwa na wanawake wengine. Bibi alipewa kaniki na shanga katika mila hizo. Kaniki ile nyeusi aliijifunga kila ilipofika siku ya kuwakumbuka mapacha wake, maana mmoja alifariki mchanga.

Kaniki ina njia ndefu. Pwani, pamoja na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na meli za Massachusetts kule Marekani, ilikuwa nguo ya mtumwa na maskini, na utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897 wanawake walioachwa huru waliiweka kando wakajitanda kanga ili wasitambulike tena kwa hali yao ya zamani. Huku kwetu ilipata maana nyingine kabisa, ikaingia kwenye ngoma na kwenye uganga na kwenye kuwaheshimu waliotangulia. Ukienda pale makumbusho ya Bujora utaiona Usukuma ya aina hiyo, ngoma, vigoda vya watemi na vyombo vya waganga, na ukibahatika ukafika wakati wa Bulabo, sherehe za ngoma za Kisukuma, mwezi Juni utaona wachezaji wamejifunga.

Lakini bibi aliishi mpaka miaka ambayo vikongwe walikuwa wanauawa kwa kuitwa wachawi. Mwanamke mzee, macho mekundu kwa moshi wa kupikia miaka sitini, anaishi peke yake. Ukimwongezea kaniki na shanga, watu wameshahukumu. Baba na baba zangu wadogo walikaa kikao. Wakazichukua kaniki na shanga wakazichoma nyuma ya nyumba, wakamnunulia vitenge vya maua vya rangi ya kung'aa ili akipita njiani aonekane mama wa kanisani tu. Walifanya kwa mapenzi, na nadhani walimwokoa. Ila bibi aliniambia nikiwa msichana mkubwa kwamba tangu siku ile hakuwa tena na nguo ya kumkumbukia mtoto wake.

Alipofariki tuligawa vitenge vile vya maua. Vilikuwa vizuri, kila mtu alifurahia. Kwa hiyo dada Misungwi, katika hiyo jioni yako ongeza swali: kuna nguo gani aliyonyang'anywa, au aliyoivua kwa woga?


#12 MamaDagaa_Kirumba

Mjukuu wa Kisesa, Mungu amrehemu bibi yako. Hayo ya vikongwe nimeyaona kwa macho yangu, na kila mtu alijua walioficha mapanga. Nakumbuka wamama walioacha hata kujifunga kanga nyeusi.


#13 MwanaKemondo

Nimerudi kutoa taarifa. Nimewasomea dada zangu majibu ya Ustadhi na Fundi kwa simu. Hatukati. Kwa sasa kinakaa kwa dada mkubwa Bukoba na mwezi Mei atakuja nacho. Mdogo wetu, ambaye alikuwa na miaka miwili mama anaondoka, amesema yeye awe wa pili. Nawashukuru wote.

Na jambo moja limetokea ambalo sikulitarajia. Katika mazungumzo hayo dada mkubwa ametuambia ile doti mama alinunua kwa fedha ya kahawa aliyoiuza mwenyewe, na kwamba yeye alikuwepo dukani. Miaka yote hii tuliamini baba ndiye aliyemnunulia.


#14 Binti_Nyegezi

Mama Misungwi shikamoo. Kwetu ni Sengerema, na siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa nafika nyumbani bila foleni ya kivuko. Jumamosi nakwenda. Nimejaribu kumwuliza mama kwa simu ile sare aliyoilipa kwa furaha, akacheka akasema mambo gani hayo, akakata. Nianzeje nikiwa naye?


#15 BintiMisungwi (mleta mada)

Marahaba mwanangu. Usianze na maswali. Mwambie unataka kumsaidia kuanika nguo za kabatini zipate hewa, na wewe ndiye uwe unazitoa. Anza na za juu anazovaa kila wiki, hizo hana wasiwasi nazo. Ukifika za chini mpe mkononi azikunjue mwenyewe, halafu unyamaze. Akitaja jina la mtu usiyemjua, hapo ndipo uulize, "Huyo ni nani?" Simu iwashe mapema, na umwambie unarekodi, asije kugundua baadaye akahisi umemvizia. Kuna nguo atairudisha bila kusema neno. Irudishe naye.


#16 FundiWaBaraza

Na ugeuze nje ndani.


#17 Binti_Nyegezi

Sawa wazazi wangu. Koti nalo nakwenda nalo, nataka nianze mimi kumsimulia.